Kwaya na Ngoma Katika Kambi ya Nachingwea

Nchi ya Nachingwea na Ruangwa ni nchi ya Wamwera, na ngoma ni desturi yake ya tangu kale. Katika miaka ya 1960, FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962, kiliweka kambi ya mafunzo Nachingwea. Vijana wake walitoka makabila mengi, wala hawakuwa na lugha moja. Baadhi ya watu wa kusini walikuja na uimbaji wa sauti nne waliofunzwa katika misheni. Wamakonde walikuja na ngoma na nyimbo za kuitikiana. Mambo hayo mawili yaliungana katika kwaya za wapiganaji.

Muungano huo ulikuwa na bei yake. Wimbo wa kanisa uliacha utulivu wa ibada, na ngoma ikaacha mipaka ya ukoo. Faida ilikuwa umoja. Hasara ni kwamba aimbaye kwa niaba ya wote hapati nafasi ya kusema lake. Mwaka 1975 Msumbiji ilipata uhuru, na nyimbo zile zikavuka Ruvuma pamoja na waimbaji wake. Basi, atakayeandika habari za muziki mpya wa Afrika asiisahau Nachingwea.