Mwanashirikisho au Mfederali?

Mkenya anayekumbuka siasa za majimbo akisoma kwamba Alexander Hamilton wa Marekani alikuwa "mwanashirikisho", atamweka kambi moja na KADU ya 1963, chama kilichotaka mikoa ijitawale kwa mengi. Hapo atapotea kabisa. Hamilton alitaka serikali kuu yenye meno.

Utata huu ulianzia Marekani kwenyewe. Kabla ya Katiba ya 1787, majimbo 13 yalifungwa pamoja kwa mkataba legelege, na Kongresi haikuweza hata kutoza kodi. Iliyaomba majimbo michango. Waliotetea Katiba mpya wakajiita Wafederali, jina ambalo kwa haki lingewafaa zaidi wapinzani wao, waliotaka majimbo yabaki na nguvu zake. Wapinzani wakaachiwa jina la kukanusha tu: wapinga-Federali. Ujanja wa siasa hauna umri.

Kambi hizo bado hazikuwa vyama. Vyama vilichipuka ndani ya baraza la mawaziri la George Washington. Hamilton, Waziri wa Fedha, alitaka serikali kuu ibebe madeni ya majimbo yaliyotokana na vita vya uhuru, kisha mwaka 1791 akapigania Benki ya Marekani. Thomas Jefferson, aliyeshika mambo ya nje, akasema Katiba haitaji benki popote, na mamlaka isiyotajwa ni ya majimbo na wananchi. Hamilton akajibu kwamba aliyepewa kazi ya kukusanya kodi na kukopa amepewa pia nyenzo za kuifanya. Washington akaidhinisha benki. Hamilton aliwaza nchi ya wafanyabiashara, viwanda na mikopo. Jefferson, nchi ya wakulima wenye ardhi yao, ingawa mashamba yake mwenyewe yalilimwa na watumwa. Vita vya Ufaransa na Uingereza vikapanua ufa kati yao, kila mmoja akielemea upande wake. James Madison, aliyeitetea Katiba magazetini bega kwa bega na Hamilton, alihamia kwa Jefferson, kwa hiyo ukimwita Mfederali taja na mwaka.

Basi "shirikisho" libaki kuwa jina la mfumo, na "Wafederali", kwa herufi kubwa, liwe la chama cha Hamilton. Watu wa Jefferson walijiita kwa jina lenye maana ya wapenda jamhuri. Naona "Wajamhuri wa Jefferson" linatosha, kwani chama cha Republican cha leo kilianzishwa mwaka 1854, Jefferson akiwa amefariki miaka 28 nyuma.