Watoto Ambao Hakuna Aliyewapima

Leo tunarudi nyuma hadi mwaka wa 2020, tuone Korona ilivyobadilisha sahani ya mtoto hapa kwetu Kakamega, na kwa nini jambo hilo bado linatuhusu.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwa shule zifungwe. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, hadi mapema Julai. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi shuleni tarehe 12 Oktoba. Wengine wote walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Hiyo ni zaidi ya miezi tisa, mama, na kila siku mtoto anataka kula.

Sisi huona shule kama mahali pa vitabu, lakini kwa muda mrefu imekuwa pia jiko. Wazazi wa umri wangu na walionizidi wanakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shule za msingi mwaka wa 1979. Siku hizi katika shule zetu nyingi wazazi huchanga mahindi na maharagwe, mtoto akapata githeri mchana. Shule zilipofungwa, sahani hiyo ilihamia kwenye sufuria ya nyumbani, tena wakati mbaya. Machi hadi Juni hapa kwetu mahindi yako shambani na ghala linaelekea kuisha. Pesa za miwa zilikuwa zimepotea kwa wengi. Kampuni ya sukari ya Mumias ilikuwa imewekwa chini ya mrasimu tangu Septemba 2019. Na yule kijana wa kibarua Nairobi aliyekuwa akituma kitu kwa simu, kibarua kiliisha. Kaunti nyingi zilifunga masoko ya wazi. Mama wa omena, ambaye wateja wake huja jioni wakitoka kazini, kafyu ilimkuta ndio anaanza kuuza.

Basi watu wakaunganisha milo. Chai yenye sukari nyingi saa nne au saa tano, kisha ugali wa jioni. Tushukuru mvua, kwa sababu kunde, mrenda na managu havikukosekana. Kilichopungua ni maharagwe, mayai, omena na maziwa, yaani vyakula vya kujenga mwili. Tumbo linajaa, lakini mtoto hakui ipasavyo.

Nyumba nyingine mambo yalikuwa kinyume. Pale mjini, ambapo mshahara haukukatika, mtoto alifungiwa ndani ya ploti na runinga na simu. Hakutembea kwenda shule, hakucheza mpira. Mandazi, soda na chipsi vikawa vya kupitisha saa. Kule Marekani walipima: kwa watoto na vijana wa miaka 2 hadi 19, kasi ya kuongezeka uzito ukilinganisha na urefu ilikaribia mara mbili ya ile ya kabla ya Korona. Ugonjwa ni mmoja na amri ni ile ile, lakini mtoto mmoja alikonda na mwingine sketi ikakataa kufunga.

Hapa kwetu je? Utafiti mkubwa wa afya ya jamii wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa watoto waliodumaa nchini walikuwa asilimia 18, kutoka asilimia 26 mwaka wa 2014. Ni habari njema sana, nami nilifurahi. Lakini tarakimu hizo ni za watoto walio chini ya miaka 5. Huyo ana kijitabu cha kliniki na siku ya kupimwa. Wa darasa la pili au la sita hana. Yeye ndiye aliyepoteza mlo wa shule, na yeye ndiye tusiyejua alipungua au aliongezeka kiasi gani.

Kwa hiyo ukija kliniki na mdogo, njoo pia na mkubwa wakati wa likizo, umwombe muuguzi ampime uzito na urefu. Akiwa mzito kupita kiasi, usimcheke wala usimnyime chakula. Ondoa soda, mpe maji, mwachie nafasi ya kukimbia. Ile chai ya sukari nyingi iliyozoeleka wakati ule, anza kuipunguza kijiko kimoja kimoja. Ukikata ghafla nyumba nzima itakugomea. Na kwa mdogo wa miezi 6 hadi miaka 5, mhudumu wa afya ya jamii akimpima mkono na mkanda ukasoma rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, mlete kituo cha afya siku hiyo hiyo, usingoje siku ya kliniki.

Wiki ijayo tutazungumza kuhusu uji: unga upi uchanganye na upi, na kwa nini si lazima uwe na aina saba.