Kifaru Alipita Hapa Asubuhi

Babu hakujua kusoma. Kwenye fomu za chifu alikuwa anabonyeza kidole tu. Lakini kule kwetu Taita, ukitoka naye asubuhi kupeleka mbuzi, anasimama ghafla njiani, anaangalia mchanga, anakwambia, "Fisi wawili. Wa nyuma anachechemea." Mimi nikiangalia naona vumbi. Nilikuja kujua baadaye kwamba fisi huacha alama za kucha, chui haachi kwa sababu kucha zake huzificha akitembea, na duma, ingawa ni wa ukoo wa paka, zake huonekana. Babu hakuwahi kunipangia hivyo. Alionyesha kwa fimbo, tukaendelea na safari. Alipokufa, yote alienda nayo.

Ndiyo maana stori ya Louis Liebenberg ilinishika. Huyu ni mzungu wa Afrika Kusini aliyekuwa anasoma Chuo Kikuu cha Cape Town, akaacha. (Mimi pia niliacha, na shangazi zangu husoma hapa, kwa hivyo naliweka mapema.) Miaka ya 80 akaenda Kalahari, Botswana, akatembea na wawindaji Wasan, mmoja wao akiitwa !Nate. Mwaka 1990 alitoa kitabu, The Art of Tracking: The Origin of Science, akidai kwamba huenda sayansi ilianzia kwenye nyayo. Unaona alama chache, unakisia mnyama alikuwa anafanya nini, halafu unasonga mbele kuona kama ulikosea. Chukua wadudu wanaotembea usiku: wakiwa wamepita juu ya unyayo, basi huyo mnyama si wa asubuhi hii, hata kama unyayo unaonekana mpya.

Shida ilikuwa ile ya babu. Nyayo hazikai, upepo mmoja tu zimeisha, na aliyezisoma hana daftari. Mwanabiolojia mwenye digrii ndiye alikuwa anaandika, na msoma nyayo anabaki kwenye ripoti kama "msaidizi", bila jina.

Mwaka 1996 Liebenberg alishirikiana na Justin Steventon, mwanafunzi wa kompyuta, wakaanza kutengeneza CyberTracker, programu ya kompyuta ya mkononi. Badala ya maneno iliweka picha ndogondogo. Umeona unyayo wa kifaru? Bonyeza picha ya kifaru. Anakula? Bonyeza. Mmea gani? Bonyeza. Setilaiti zinaweka mahali na saa.

Waliijaribu katika Mbuga ya Karoo, Afrika Kusini, wakiwa na Karel Benadie na James Minye, wasoma nyayo ambao hawakujua kusoma wala kuandika. Hawa wawili walifuata kifaru weusi, unyayo wa vidole vitatu, na vijiti vilivyokatwa kwa mshazari, manake kifaru mweusi hula vichaka na kukata tawi kama mtu mwenye panga. Mwaka 1999 makala kuhusu kazi hiyo ilitoka katika jarida la Pachyderm. Waandishi ni wanne. Benadie yumo, Minye yumo. Na jarida lenyewe lilikuwa linahaririwa wapi? Hapa Nairobi! Miaka hiyo babu alikuwa hai, anatembea na fimbo yake umbali wa basi moja tu.

Sisemi kifaa kinatosha. Kubonyeza picha ni rahisi, kujua ni picha gani ya kubonyeza ndiyo kazi ya miaka. Na bado najiuliza, habari zikishaingia kwenye kompyuta, ni mali ya nani: mwenye macho au mwenye mashine?

Desemba nilienda nyumbani. Karibu na kisima nikaona unyayo, nikaweka sarafu ya shilingi ishirini kando yake kuonyesha ukubwa, nikapiga picha. Nikampelekea mjomba, ndugu mdogo wa mama, aliyewahi kuchunga na babu. Akaigeuza simu huku na huku.

"Hapa sioni ukingo, mwanangu," akasema. "Mchanga wa ukingoni umeanguka ama bado umesimama?"

Sikujua. Akachukua kofia yake, tukarudi kisimani.