Wimbi Lililotoka Mbali

Msomaji, tupa jiwe katika ziwa lililotulia, nawe utaona viwimbi vikienea mpaka ukingoni. Mwaka 1916 Albert Einstein alieleza kwamba anga nalo lina mawimbi ya namna yake: miili mizito izungukanapo kwa kasi hulitikisa anga lenyewe, na mtikisiko huo huenea kwa mwendo wa nuru. Lakini ni hafifu mno, na baadaye hata Einstein mwenyewe alitia shaka kama mawimbi hayo yapo.

Aliyejitosa kwanza kuyatafuta ni Mmarekani Joseph Weber. Alitundika magogo mazito ya alumini, akitumaini yatatetema kama kengele wimbi lipitapo. Mwaka 1969 alitangaza kwamba ameyanasa. Wataalamu wengine wakaunda vyombo kama vyake, wakasikiliza, wasisikie kitu. Weber alishikilia neno lake mpaka alipofariki mwaka 2000. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Je, kazi yake ilipotea bure? Hasha! Iliwatia wengine ari ya kutafuta, na yaliyompata yakawafunza kujihadhari. Rainer Weiss, Kip Thorne na wenzao walianzisha LIGO, yenye vituo viwili huko Marekani, Hanford na Livingston, vilivyoachana kwa kilomita 3,000 hivi. Kila kituo kina mikono miwili ya kilomita 4, na ndani yake miali ya leza hupima badiliko dogo kuliko kiini cha atomu.

Tarehe 14 Septemba 2015 wimbi lilifika Livingston, kisha Hanford, kwa tofauti ya sehemu 7 hivi za elfu za sekunde. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, mashimo meusi mawili, yenye mvuto usioachilia hata nuru, yalikuwa yameungana. Moja lilikuwa na uzito wa majua 36 hivi, la pili 29. Na uzito wa majua 3 hivi uligeuka kuwa mawimbi.

Ungalikuwa wewe, usingalitangaza siku ile ile? Wao walinyamaza karibu miezi mitano, wakichunguza kila chombo, hata kama kuna mtu aliyewachezea. Walitangaza tarehe 11 Februari 2016. Na mwaka 2017 Weiss, Thorne na Barry Barish wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Basi, msomaji, upatapo jibu ulilolitamani sana, lipime kwa ukali kuliko lile usilolipenda.