Shamba Peke Yake Si Uhuru

Husemwa kwamba magharibi ya Marekani ilijengwa na mkulima huru. Tuuchunguze usemi huo. Sheria ya Homestead ya mwaka 1862 ilimwahidi mlowezi ekari 160, mradi akae na kulima miaka 5. Lakini ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe: wenyeji asilia waliporwa kwa mikataba ya hila na kwa mtutu wa bunduki. Sheria ya Dawes ya mwaka 1887 ikavunja umilikaji wao wa pamoja; ekari zao milioni 138 zikabaki milioni 48 tu ilipofika 1934.

Mlowezi naye hakusalimika. Mwaka huo huo wa 1862 Bunge liliyagawia makampuni ya reli ardhi kandokando ya njia. Reli zilipoungana Utah mwaka 1869, ngano ilipata soko. Lakini gharama za kuisafirisha zilipangwa na kampuni, mkopo ulitoka benki, na bei ilifuata soko la Chicago. Hati ya shamba alikuwa nayo. Njia kuu za uchumi hakuwa nazo. Ndiyo maana mwaka 1892, mjini Omaha, chama cha wakulima kilidai reli ziwe mali ya umma.

Fundisho tunalolipata ni hili: anayeshika reli, benki na soko humtawala anayeshika jembe.