Ule Usaha Haukuwa Adui Yako

Kama ulikua ukitembea miguu mitupu, hii stori unaijua. Mwiba unakudunga jioni, unapuuza. Asubuhi mguu umevimba, una moto, unagonga kama ngoma. Siku mbili baadaye kuna usaha, na shosho anakuja na sindano. Sote tuliamini usaha ndio ugonjwa wenyewe. Usione aibu. Miaka 140 iliyopita, hata madaktari wakubwa wa Ulaya walikuwa na fikra kama hizo.

Aliyewapinga hakuwa daktari. Élie Metchnikoff alikuwa mtaalamu wa wanyama, mzaliwa wa sehemu za Kharkiv, Ukraine ya leo. Mwaka 1882 alijiuzulu Chuo Kikuu cha Odessa baada ya siasa kuvuruga mambo pale, akahamia Messina, Italia, na familia yake. Kazi hana, ana hadubini tu nyumbani.

Siku moja familia ikaenda kutazama sarakasi, yeye akabaki akichungulia watoto wachanga wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Miili yao ni kama kioo, unaona seli zikitembea ndani. Akajiuliza: na kama hizi ni walinzi? Akatoka bustanini, akachukua miiba ya waridi, akawadunga. Usiku huo hakulala. Asubuhi, seli zilikuwa zimeuzunguka mwiba.

Hebu fikiria: mnyama hana hata mishipa ya damu, lakini ulinzi anao tangu azaliwe. Seli hizo zikaja kuitwa fagositi, yaani seli zinazokula.

Shida ni kwamba madaktari wengi waliamini seli nyeupe ndizo hubeba vijidudu na kuvisambaza mwilini. Askari ndiye alishukiwa kuwa mwizi! Halafu mwaka 1890, Behring na Kitasato wakaonyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda yanaweza kumkinga mwingine. Watu wakaanza kubishana: ni seli au ni damu? Tuzo ya Nobel ya 1908 ikapewa Metchnikoff na Paul Ehrlich wa upande wa damu, pamoja. Wote walikuwa sahihi.

Hata hivyo, kinga ya kuzaliwa nayo iliwekwa kando miaka mingi. Ni mwaka 1996 ambapo kikundi cha Jules Hoffmann, Ufaransa, kilionyesha kwamba nzi wa matunda akikosa jeni moja inayoitwa Toll, kuvu inamuua. Miaka miwili baadaye Bruce Beutler akapata jeni ya jamii hiyo hiyo kwa panya. Nobel yao ilikuja 2011.

Sasa maoni yangu. Kila siku naona video za watu wakiuza unga wa "kuongeza kinga". Waulize: kinga gani? Ngozi, machozi, makamasi, asidi ya tumbo na hizo seli, ulikuja nazo duniani bure. Huanza kazi ndani ya dakika au saa chache, bila kujua hata jina la adui. Ule uvimbe, ule moto, ni wao wako kazini. Usaha kwa sehemu kubwa ni seli zilizokufa zikikupigania. Na zikizidisha vita, zinakuumiza wewe mwenyewe, kwa hivyo "kuongeza" si lazima kuwe jambo zuri.

Pia usinielewe vibaya. Hawa walinzi hushindwa, ndiyo maana tunachanjwa, na ndiyo maana kidonda kikikuletea homa unaenda hosi, hungoji.

Metchnikoff mwenyewe uzeeni alishikilia kwamba maziwa yaliyochachishwa yangemrefushia maisha, akawa anayanywa kila siku. Alifariki 1916 akiwa na miaka 71. Kama yeye aliyetambua kazi ya hizo seli hakupata njia ya mkato, huyo wa unga kwenye simu yako ameipata wapi?