Sindano ya Jicho: Ipi?

Mwaka 1911 tabibu Ohm wa Ujerumani alidunga hewa ndani ya jicho ili kuirudisha retina iliyobanduka. Njia hiyo ilienea zaidi baada ya Marekani kuidhinisha dawa ya pegaptanibu mwaka 2004 na ranibizumabu mwaka 2006. Taratibu, hata hivyo, zilitofautiana: wengine hudunga katika chumba cha upasuaji, wengine klinikini, wengine huongeza matone ya antibiotiki, wengine hutosheka na kusafisha kwa iodini.

Istilahi yetu ndiyo yenye kasoro. "Sindano ya jicho" huitwa pia ile ya ganzi, ipitayo kando ya jicho. Mgonjwa atiaye sahihi fomu ya ridhaa amekubali ipi? Twapendekeza, ijapokuwa ni refu, "sindano ya ndani ya jicho".